Jodari wa kubabua ukiwa Moshi: kuanzia barafu hadi kikaangoni

Huku bara wengi wetu tunamjua jodari wa kopo, au yule wa kukaanga aliyekauka hadi kila tonge linadai glasi ya maji. Mimi nimezaliwa Tanga, nimeolewa Moshi, na kinachoniuma ni kumwona mtu ametoa hela yake kununua mnofu mwekundu unaong'aa, halafu anaukaanga dakika ishirini kama changu. Jodari hana mafuta mengi ndani ya mnofu, hasa hawa wa mapezi ya njano wanaovuliwa kwetu. Akipitiliza kuiva maji yake yote yametoka, na hakuna mchuzi utakaomrudishia.

Kumbabua ni kumpitisha kwenye chuma cha moto mkali kwa muda mfupi. Nje anapata ukoko mwembamba wa kahawia, ndani anabaki mwekundu au wa waridi, laini kama nyama ya sarara. Watu wa Kilimanjaro wanaojua nyama wakionja kipande kimoja hawaulizi tena kwa nini sikumkaanga.

Nitasema mapema: moto wenyewe ni dakika tatu. Anayeharibikiwa huwa ameshaharibikiwa zamani, kwenye ubaridi au kwenye maji. Samaki aliyepata joto njiani hatibiki jikoni, na steki iliyoloa haibabuki, inachemka.

Samaki mwenyewe

Jodari tunayemtaka ni mkubwa, mwenye mapezi ya njano, anayetoa minofu minene. Sehewa, ndugu yake mdogo, ni mtamu sana kwenye mchuzi wa nazi, lakini nyama yake ni nyeusi zaidi na mnofu ni mwembamba, usimhangaishe kwa njia hii. Nguru na nduaro nao wanababuka vizuri, ila hao waive hadi ndani.

Jodari ana jambo linalomtofautisha na samaki wengi: mwili wake una joto kuliko maji anamoogelea. Mishipa yake ya damu imepangwa kwa namna inayozuia joto la misuli lisipotelee baharini, na ndiyo sababu mojawapo ya mbio zake. Akinaswa kwenye mshipi na kupigana na mvuvi, joto hilo linapanda zaidi. Basi anaingia chomboni akiwa wa moto, na asipotolewa damu na kufunikwa barafu mapema, anaanza kuharibika kutoka katikati huku ngozi bado inang'aa.

Kuharibika kwenyewe ndiko kunakotisha. Nyama ya jodari ina histidini, moja ya vijenzi vya protini, kwa wingi, na bakteria wa mashavuni na tumboni mwa samaki wakipata joto huigeuza kuwa histamini. Histamini haitoi harufu. Moto hauiondoi, na kugandisha hakuiondoi. Unaweza kumchemsha samaki huyo saa nzima na sumu ikabaki palepale. Kinga yake ni ubaridi wa nyuzi joto 4 za sentigredi au chini ya hapo, bila kukatika, tangu anatoka majini hadi anafika kwako.

Hili nimelijua kwa kuumia. Mwaka wangu wa pili Moshi niliagiza jodari kutoka pwani. Alifungwa kwenye magazeti na mfuko wa salfeti, akawekwa kwenye buti la basi bila barafu. Basi lilichelewa, mzigo ukashushwa saa kumi jioni. Samaki hakunuka hata kidogo. Nilipoonja kipande nilisikia ulimi unachonyota kama nimetafuna pilipili manga, nikadhani ni viungo vyangu. Haikupita nusu saa shemeji yangu akaanza kujikuna shingoni, uso umempanda joto, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio. Hospitali walimpa dawa ya mzio, akapata nafuu usiku uleule. Tangu siku ile kipande cha kwanza naonja mimi, kidogo tu, na ulimi ukichonyota bila pilipili sahani zote zinarudi jikoni na chakula kinamwagwa. Mtu akishapata dalili hizo, mpelekeni hospitali, na akianza kupumua kwa shida msisubiri hata kidogo.

Kumpata huku juu

Ukienda Mbuyuni au Kiboriloni utakuta dagaa, perege wa Nyumba ya Mungu, sato na sangara wa Ziwa Victoria. Jodari si samaki wa kila siku huku. Ana njia mbili za kutufikia.

Ya kwanza ni kuagiza. Kutoka soko la Deep Sea kule Tanga hadi Moshi ni kama kilomita 350, kupitia Segera, Mombo, Same na Himo. Kutoka Feri, Dar es Salaam, ni zaidi ya 550. Mimi natumia Tanga kwa sababu ya umbali na kwa sababu nina mtu wangu pale. Kuwa na mtu ni nusu ya kazi. Asubuhi ananipigia: "Dada, huyu kashuka alfajiri, bado ana barafu ya chomboni." Namjibu kila mara maneno yaleyale, hata kama ameshayazoea: mkate mnofu mzima, usimkate steki. Usimwoshe kwa maji ya soko. Mfunge kwenye mfuko wa plastiki mzito usiopitisha maji, kisha chini barafu, juu barafu, kilo kwa kilo. Kama mnofu ni kilo tatu, barafu iwe kilo tatu au zaidi, ndani ya deli lenye mfuniko unaokaza. Chupa za maji zilizogandishwa zinasaidia kwa sababu hazimlowanishi samaki zikiyeyuka.

Stendi naenda mwenyewe, na deli nalifungua palepale kabla sijaondoka. Natazama kitu kimoja: je, barafu bado ipo? Kama bado kuna vipande vigumu na maji yaliyoyeyuka yanauma vidole kwa baridi, nabeba. Kama barafu yote imekwisha na maji ni ya uvuguvugu, samaki huyo si chakula tena. Inauma, hela imekwenda, lakini shemeji yangu alinifundisha.

Msimu nao uutazame. Kusi likivuma bahari inachafuka, vyombo vidogo vinatoka kwa shida, samaki wanapungua na bei inapanda. Wakati wa kaskazi mambo ni mepesi zaidi.

Njia ya pili ni jodari wa kugandishwa. Kwa hili Arusha imetuzidi: hoteli za watalii zimefanya samaki wa baharini wapatikane kwenye maduka yenye friza kubwa, na ni mwendo wa kilomita 80 tu kutoka Moshi. Msimdharau samaki wa barafu. Jodari aliyegandishwa vizuri palepale pwani anamshinda "mbichi" aliyelala kwenye buti. Muulize muuzaji aligandishwa lini na wapi, na angalia mfuko. Ukiona barafu nyingi imejishika ndani kama theluji ya friji la zamani, ameshayeyuka mara moja akagandishwa tena. Ukiona mabaka meupe makavu kwenye nyama, ameungua na baridi, sehemu hiyo itakuwa kama pamba mdomoni.

Kwa mbichi, tumia pua na kidole. Anukie bahari, au asinukie kabisa. Harufu ya mkojo au ya siki, mwache. Bonyeza mnofu kwa kidole cha shahada: alama irudi, isibaki shimo. Nyama iwe imeshikana, isiwe inafunguka kwa matabaka. Rangi ni ushahidi dhaifu kuliko watu wanavyofikiri. Jodari mzuri anaweza kuwa mwekundu wa damu au wa waridi, na akikaa hewani saa kadhaa anageuka kahawia juu bila kuwa ameharibika, kwa kuwa ile rangi ya nyama imekutana na oksijeni. Kinyume chake, wako wanaompulizia jodari gesi ya kaboni monoksaidi ili abaki mwekundu wa kung'aa hata akizeeka. Umoja wa Ulaya na Japani wamelipiga marufuku jambo hilo. Kwa hiyo ukiona wekundu unaofanana na pipi, na samaki ana wiki kadhaa, jiulize.

Kuyeyusha na kukata

Jodari wa barafu ayeyuke ndani ya friji, usiku kucha, juu ya sahani. Kama amefungwa kwenye mfuko ulionyonywa hewa, mtoe kwanza au utoboe mfuko kabla hajaanza kuyeyuka. Kuna bakteria wa hatari wanaopenda mahali pasipo na hewa, usiwape nafasi. Ukiwa na haraka, mtie kwenye mfuko mwingine wa plastiki, ufunge vizuri, uzamishe kwenye beseni la maji baridi, dakika 30 hadi 45 kwa steki moja moja. Usimwache juu ya meza ya jiko mchana kutwa, hata kama ni Juni na Moshi kuna baridi.

Sasa kisu. Kama kisu chako kinakata nyanya kwa kusukuma badala ya kuteleza, kinoe kwanza. Ondoa ngozi. Kando ya mnofu utaona ukanda wa nyama nyeusi, kama ini. Huo ni msuli wenye damu nyingi, una ladha kali ya chuma. Ukate wote. Usiutupe, weka pembeni kwa ajili ya mchuzi wa kesho.

Mnofu uliobaki utazame kwa karibu kwenye mwanga. Una mistari myeupe myembamba inayopita kama nyuzi za mti. Kata ukiikatisha mistari hiyo, usiifuate. Unene uwe sentimita 3, ukiweza 4. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakata vipande vya sentimita moja kama vya kukaanga, na kipande chembamba kinaiva hadi katikati kabla nje hakijapata rangi. Bora steki moja nene igawanywe kwa watu wawili kuliko kila mtu apate karatasi yake. Kiasi cha gramu 180 hadi 200 kwa mtu mzima kinatosha.

Viungo vya kuroweka

Kwa steki nne chukua vijiko vinne vikubwa vya sosi ya soya, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya ufuta (alizeti pia sawa), kijiko kidogo kimoja cha asali, nusu kijiko kidogo cha pilipili manga iliyotwangwa, tangawizi mbichi ukubwa wa kidole gumba, na punje tatu za kitunguu saumu. Limau moja uwe nalo, lakini bado usilikamue.

Tangawizi na kitunguu saumu vikwangue, kisha viweke kwenye kitambaa safi au chujio la chai na ukamue maji yake tu. Makapi usiyatie. Nimeharibu steki nyingi kabla ya kugundua hili. Vile vipande vidogo vinajishikiza kwenye nyama, vikigusa chuma cha moto vinaungua ndani ya nusu dakika na kutia uchungu kila mahali. Maji yake yana ladha yote unayoihitaji.

Asali nayo isizidi. Kijiko kidogo kinasaidia rangi, viwili vinakuletea masizi.

Changanya, halafu kabla samaki hajaingia chota vijiko vitatu vya mchanganyiko uweke kwenye kikombe pembeni. Huo ndio utakuwa mchuzi wako wa juu, msafi, haujagusa samaki mbichi. Uliobaki mimina kwenye bakuli pana au mfuko, laza steki, geuza mara moja, rudisha kwenye friji. Dakika 15 zinatosha, 30 ndiyo mwisho. Sosi ya soya ni chumvi tupu. Ukimwacha jodari humo saa tatu, chumvi inavuta maji, nyama inakaza na kuwa kama iliyotiwa chumvi kwa safari.

Limau lina tabia yake. Tumezoea kuanza na ndimu kwa kila samaki, na kwa samaki wa kukaanga hakuna neno. Kwa jodari wa kubabua ni kosa. Asidi inaivisha protini bila moto. Weka tone la ndimu juu ya kipande chekundu, subiri dakika kumi, utaona doa limegeuka jeupe kama limechemshwa. Steki nzima ikifanya hivyo, ukoko haushiki vizuri na ule wekundu unaoulinda umeshapotea. Limau ni la mezani.

Kama sosi ya soya haipo au huipendi, fuata njia ya kwetu: kijiko kidogo cha bizari nyembamba, kimoja cha giligilani, nusu cha pilipili manga, kaanga kavu kidogo hadi zinukie, twanga ziwe chengachenga, changanya na chumvi na mafuta kidogo, paka steki pande zote dakika kumi kabla ya moto. Binafsi kwa samaki mbichi kabisa wa Tanga napendelea hii, kwa sababu soya inafunika utamu wake. Kwa wa barafu natumia soya.

Kukausha

Hatua hii wengi wanairuka. Toa steki kwenye viungo, acha zichuruzike, kisha zikaushe kwa tishu za jikoni au kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Bonyeza, geuza, bonyeza tena, na pembeni pia. Tishu ya mwisho itoke karibu kavu. Utaogopa kwamba unaondoa ladha. Hapana, ladha imeshaingia juujuu, na kilichobaki ni maji.

Sababu yake ni hii. Ukoko wa kahawia huanza kujitengeneza kwenye nyuzi kama 140. Maji hayapandi kufika huko, yanachemka na kubaki hapohapo hadi yaishe. Kwa Arusha, iliyo juu karibu mita 1,400, yanachemka kwenye nyuzi kama 95 (mnaopika maharage huko mnalijua hili). Steki iliyoloa basi inakaa kwenye nyuzi 95 ikitoa mvuke, joto linapenya ndani, na maji yanapokwisha katikati imeshaiva, nje bado ni ya kijivu.

Baada ya kuikausha, iache dakika tano nje ya friji wakati kikaango kinapata moto. Si zaidi. Mpake mafuta kidogo kila upande.

Moto

Chombo bora ni kikaango cha chuma kizito, kile cheusi kinachokuchosha mkono. Chuma kizito kinahifadhi joto, kwa hiyo nyama baridi ikitua hakipoi. Sufuria nyembamba ya aluminiamu inapoa papo hapo. Vikaango vyenye utando wa kuzuia chakula kushika usivitumie kwa kazi hii, utando wake huanza kuharibika na kutoa hewa mbaya ukipita nyuzi 260 hivi, na kikaango kitupu kwenye moto mkali kinafika huko upesi.

Mafuta yawe ya alizeti yaliyosafishwa ya dukani. Yale mazuri ya kukamua yanayouzwa kwenye madumu kando ya barabara Singida, yenye rangi nzito na harufu ya mbegu, nayapenda kwenye mboga, lakini huanza kutoa moshi mapema mno. Siagi nayo inaungua.

Wenye jiko la gesi la mtungi mdogo wa kilo 6: fungua moto wote, weka kikaango kitupu, subiri dakika tano hadi saba. Fungua madirisha. Dondosha tone la maji: likitua na kutoweka hapohapo kwa mlio mkali, bado kidogo. Likijikunja kuwa shanga na kukimbia huku na huku, tayari.

Wenye jiko la mkaa mna bahati kuliko mnavyodhani. Mkaa mgumu ulioshika vizuri, wenye jivu jeupe juu na wekundu chini, una joto ambalo gesi ya mtungi mdogo hailifikii. Kaa nje au barazani, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa. Weka kikaango juu ya mkaa moja kwa moja. Kule Kochi, Japani, wanababua samaki wa jamii ya jodari juu ya ndimi za moto wa majani makavu ya mpunga, hadi moshi unampa harufu. Sisi majani ya mpunga tunayo Mabogini na Chekereni, yanabaki shambani baada ya mavuno. Sijawahi kujaribu, lakini kila nikipita huko nayatazama.

Sasa laza steki. Mbili kwa wakati mmoja, si nne, ziachane vidole viwili. Ziweke ukianzia upande ulio karibu nawe kwenda mbele ili mafuta yasikurukie. Lazima usikie mlio mkubwa. Mlio ukiwa mdogo, toa haraka, kikaango hakijawa tayari.

Ukishalaza, usiguse. Usisukume, usibonyeze kwa mwiko. Chuchumaa au inama uitazame steki kwa ubavuni. Chini kabisa, pale nyama inapogusa chuma, utaona mstari mwembamba wa rangi ya kijivu cheupe. Unapanda polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Juu yake bado ni nyekundu. Mstari huo ndio saa yako. Kwa steki ya sentimita 3, ukipanda nusu sentimita, kwa kawaida baada ya dakika moja hadi moja na nusu, ingiza koleo chini yake. Ikiachia yenyewe, geuza. Ikishikilia, isubiri sekunde kumi zaidi, ukoko ukikamilika inaachia.

Upande wa pili, dakika moja. Kisha ishike kwa koleo uisimamishe kwenye kingo zake, kila ubavu sekunde kumi na tano, ili bakteria walio juu ya nyama wapate moto pande zote. Toa.

Hiyo ni yenye katikati nyekundu. Ukitaka katikati ya waridi, dakika mbili hadi mbili na nusu kila upande. Ukitaka iliyoiva kabisa, punguza moto kidogo baada ya ukoko kushika, ufikishe kama dakika nne kila upande. Mwenye kipimajoto cha jikoni: nyuzi 46 hadi 49 katikati ni nyekundu, 52 hadi 54 ni waridi, 63 imeiva. Asiyenacho achukue kijiti chembamba cha chuma cha mishikaki, akichome ubavuni hadi katikati, ahesabu hadi tano, akiguse mdomo wa chini. Baridi, bado mbichi. Vuguvugu, nyekundu. Kikikufanya ushtuke, imeiva.

Kati ya awamu moja na nyingine futa kikaango kwa tishu iliyokunjwa na kushikwa kwa koleo, kisha kipashe tena dakika mbili. Masizi ya steki za kwanza yatazichafua za pili.

Nani asile yenye wekundu

Wajawazito, watoto wadogo, wazee, na yeyote ambaye kinga ya mwili wake iko chini: wao wapewe iliyofika nyuzi 63. Hapa sina mjadala hata samaki awe kashuka leo. Wajawazito na watoto pia wasile jodari mara kwa mara, kwa sababu samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki mwilini.

Jodari wakubwa hawana sifa mbaya ya minyoo kama samaki wengine wa baharini, ila anayetaka uhakika zaidi atumie aliyekaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba. Friza nyingi za nyumbani haziko baridi kiasi hicho, na umeme ukikatika zinapanda, kwa hiyo uhakika huo utafute kwa aliyegandishwa kibiashara. Yule ambaye hujui alikopita, iwe mbichi au wa barafu, mpike aive. Na kumbuka niliyosema juu ya histamini: kuiva hakutamsafisha aliyepata joto.

Mama mkwe wangu ana zaidi ya miaka sabini. Mara ya kwanza nilipopika hivi alivuta sahani ya mume wangu, akaitazama, akanigeukia: "Mwanangu, huyu mbona bado anatoka damu?" Nikamwambia, "Mama, hiyo si damu, ni rangi ya nyama yake, lakini wewe yako nimeiivisha." Ya kwake huwa naitoa kwenye 63, naikata vipande vyembamba na kuimiminia mchuzi wa moto juu ili isimkaukie. Anaimaliza.

Mezani

Steki ipumzike dakika mbili kwenye kibao. Ule mchanganyiko safi uliouweka kikombeni mimina kwenye kikaango kilichozimwa moto, kitachemka chenyewe kwa joto lililobaki, kisha sasa kamua nusu limau. Ule uliorowekea samaki mwaga. Kama lazima uutumie, uchemke kwa nguvu dakika kadhaa kwanza.

Kata steki vipande vya sentimita moja, kwa kuvuta kisu mara moja badala ya kusugua kama msumeno. Ndani utaona ukoko, kisha ukanda wa kijivu usiozidi nusu sentimita, kisha wekundu ulio sawasawa hadi upande wa pili. Ukanda wa kijivu ukiwa mnene, mara ijayo kikaango kiwe cha moto zaidi na muda uwe mfupi.

Nyumbani kwangu tunamla na wali mweupe wa Mabogini na kachumbari yenye parachichi. Ndizi za kuchoma pia zinakaa naye vizuri. Ugali, hapana, unamzidi nguvu.

Akibaki, aingie friji ndani ya saa moja na aliwe kesho yake, akiwa wa baridi, juu ya kachumbari. Usimpashe moto, atakuwa wa kopo. Na ile nyama nyeusi uliyoiweka pembeni, ikate vipande vidogo, iloweke kwenye maji ya chumvi yenye barafu nusu saa ili ladha ya chuma ipungue, kisha iunge kwa nyanya, bizari ya manjano, pilipili mbichi moja isiyopasuliwa na tui zito la nazi moja. Hiyo ichemke hadi iive kabisa.